Zamu ya Mchunga Vimondo

Jumatano ile watu wa kikundi cha kusoma walipokusanyika kwenye ukuta wa ndiva, bwawa la kijiji, kuchukua vitabu vyao, Eliamani alimpita Namsifu kama anavyompita mtu yeyote njiani.

"Habari za asubuhi, mama," alisema, akaenda kukaa upande wa kivuli, akaunyoosha ule mguu wake uliopona.

Bibi Nakijwa aliinua macho kutoka kwenye kisomeo. Masika yote, mguu wa Eliamani ulipokuwa kwenye plasta, Namsifu, wifi yake Bibi Nakijwa, alikuwa akipanda kilima na chupa ya uji kwapani, mvua ikimnyeshea, kwa sababu mke wa Eliamani alikuwa Tanga kumuuguza mama yake. Uji wenyewe ulitiwa ndimu, maana Eliamani hanywi uji usio na ndimu. Bibi Nakijwa alikuwa mtu wa kuona mambo kama hayo. Wengine walikumbuka nani alimtukana nani. Yeye alikumbuka nani alitia ndimu.

"Bibi, mimi nitafutie chenye vita vya roboti," Eliamani alisema. "Kile cha wapenzi wa sayari mbili sikitaki tena. Mke wangu ananicheka."

"Anakucheka kwa sababu unalia."

"Silii. Ni jicho hili moja tu."

Watu walicheka. Bibi Nakijwa alifungua Ghala Huria, maktaba ya vitabu vya bure, na kuanza kutafuta. Kazi hii walimpa wao wenyewe, si kwa elimu yake, maana alijua kusoma ukubwani tu, kwenye darasa la kanisani. Walimpa kwa sababu hakuwa na haraka. Alijua vitabu vya bure vya kweli na vile vinavyoandikwa bure jaladani halafu ukurasa wa kumi vinakudai. Alijua kwamba faili la riwaya nzima huwa dogo kuliko picha ya harusi, kwa hiyo faili likija zito alilikataa. Alisoma kurasa mbili za mwanzo za kila kitabu kabla ya kukipakua, akifuata mstari kwa kidole, ili asimpe mtu takataka.

Kila nyumba ya Kwandumo ilikuwa na kisomeo, chembamba kama chapati, na ukanda wake wa kitambaa wa kufunga kichwani. Ukanda ndio uliowapendeza. Mtu aliyeishia darasa la nne alipokwama kwenye neno, ukanda ulimletea maana kichwani taratibu, kama mtu aliyekaa nyuma yake anamnong'oneza. Hivyo ndivyo wazee waliokuwa hawajawahi kumaliza gazeti walivyomaliza riwaya za safari za nyota.

"Eliamani," Bibi Nakijwa alisema, "Namsifu umemshukuru?"

"Kwa lipi, bibi?"

"Uji."

"Uji gani?"

Bibi Nakijwa alidhani ni utani, akawa anangoja Eliamani acheke. Namsifu alivuta kanga yake mabegani, akageuka kuangalia maji.

"Ulipovunjika mguu nani alikulisha?"

Eliamani alifikiri. Akakuna kidevu. "Nakumbuka kuanguka. Nakumbuka siku plasta ilipotolewa, daktari alikuwa na mkono wa baridi. Hapo katikati..." Alicheka, lakini si sana. "Hapo katikati nilikuwa nasoma."

"Ulisoma nini?"

"Sijui. Si nilishakirudisha?"

*

Ndiva ni bwawa la mawe ambalo wazee wa Upare walijenga juu ya mashamba. Maji hukusanyika humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yashuke kwa zamu. Ukimaliza kumwagilia, unafunga mfereji wako ili wa chini yako afungue wake. Huulizwi maji yalitosha au hayakutosha, wala yule wa chini haulizwi anayataka ya nini. Kuuliza ni utovu wa adabu.

Ghala Huria lilipokuja kuandikisha wasomaji, watu wa Kwandumo hawakujiandikisha mmoja mmoja kama watu wa mjini. Walijiandikisha kikundi, mmoja dhamana ya mwenzake, kwa sababu hivyo ndivyo walivyozoea kugawana kitu chema. Na desturi ya ndiva waliihamishia kwenye vitabu. Kurudisha kitabu walikuita kufunga mfereji. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza mwenzake ulibaki na nini, na kwa kuwa hakuna aliyeuliza, hakuna aliyejua kwamba wote wanapungua.

Alipofika nyumbani Bibi Nakijwa alikaa barazani, akafunga ukanda, akamwita mhudumu wa Ghala. Mhudumu alikuwa sauti tu, ya kike, yenye adabu.

"Shikamoo, bibi. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nataka kujua. Mtu akirudisha kitabu, kitabu kinatoka na nini?"

"Kinatoka na yale yaliyoshikamana nacho, bibi."

"Kichwani mwa mtu?"

"Ndiyo, bibi. Waandishi walikubali kutoa vitabu bure kwa sharti moja. Nakala moja, msomaji mmoja, kwa wakati mmoja. Kitabu kinachobaki katika kumbukumbu ni nakala ya pili. Ukanda hukiondoa ili anayefuata awe ndiye msomaji pekee."

Bibi Nakijwa alinyoosha kanga magotini. Sauti ilimngoja. Hilo nalo aliliona, kwamba ilikuwa na subira.

"Na uji wa mtu? Nao ni wa mwandishi?"

"Samahani, sikuelewa."

"Mtu alikuwa anasoma huku analetewa uji. Kitabu kimeondoka, na aliyemletea uji ameondoka."

"Akili hufunga mambo pamoja, bibi. Mtu akisoma kitabu kwa siku chache, huondoka kidogo sana, pengine chakula cha jioni moja. Akisoma muda mrefu, huondoka zaidi. Ukanda hauwezi kutenganisha uzi na nguo." Kisha, kwa sauti ileile: "Bibi, una kitabu kimoja cha muda mrefu. *Mchunga Vimondo*. Kimeombwa na msomaji mwingine wa kikundi chako. Nakala ya bure ni hiyo moja. Safari hii muda hauwezi kuongezwa."

"Na nisiporudisha?"

"Mlijiandikisha kwa dhamana ya pamoja. Kikundi kizima kitafungwa, na vitabu vyote vilivyoko mikononi vitarudishwa siku hiyohiyo."

*

*Mchunga Vimondo* kilikuwa kitabu cha mwanamke aliyeishi peke yake katika kituo cha mbali na kuyazuia mawe ya angani yasianguke duniani. Aliyapa majina. Aliyagombeza. Bibi Nakijwa alikipakua siku Kajiru, mumewe, aliporudishwa kutoka hospitali akiwa haoni tena na figo zake zimechoka.

Miaka yote kabla ya hapo Kajiru alikuwa mtu wa reli. Alirudi nyumbani kama mgeni asiyependa alipofikia. Hakumpiga, watu walimsifu kwa hilo. Hakumwita kwa jina pia. "Wewe, chumvi." "Wewe, mlango." Mtoto wao wa kwanza, Elisafi, alipofariki kwa homa akiwa hajaanza shule, walimpelekea Kajiru habari kazini, na hakuja. Mtoto alizikwa na wajomba. Kajiru alirudi mwezi uliofuata na begi la sukari, akaliweka mezani, akaenda kulala. Jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Kisha akawa kipofu kitandani, na Nakijwa, asijue la kufanya na mtu huyo siku nzima, akaanza kumsomea. Mwanzoni Kajiru aligeukia ukutani. Mahali mwanamke wa vimondo anapoligombeza jiwe kwamba limenenepa kwa uvivu, mabega ya Kajiru yalitikisika. Alikuwa anacheka. Nakijwa hakuwahi kumwona akicheka wakiwa wawili tu.

Walikisoma polepole. Walirudia sura. Kajiru alianza kumwekea kipande kikubwa cha kiazi kitamu, akipapasa sahani kwa vidole ili ajue kipi ni kikubwa. Alianza kusema, "Pumzika, Nakijwa, sauti yako imechoka." Alilitamka hilo jina kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai. Na asubuhi moja, mwanamke wa vimondo alipokosa jiwe moja likapita, Kajiru alisema, "Simama hapo." Akasema, "Nilipata ile habari ya Elisafi nikiwa stesheni. Treni ilikuwepo. Nilipanda, nikashuka. Nilipanda tena, nikashuka. Niliogopa kumwona vile. Nikakuacha umwone peke yako. Nisamehe, Nakijwa."

Alimsamehe. Si siku hiyo. Lakini alimsamehe kabla hajafa, na alikuwa na muda wa kumwambia, na Kajiru alikuwa na muda wa kusikia.

Hayo yote yalikuwa ndani ya kitabu sasa. Ndoa yake nzuri, yote iliyokuwepo, ilikuwa pale.

*

Aliyekiomba alikuwa Niendiwe. Alipanda kutoka hospitali ya mkoa kuchukua nguo safi, na kabla hajafika kwake alipitia kwa Bibi Nakijwa na mkate mkononi, ingawa macho yake yalionyesha kwamba yeye mwenyewe hajala.

"Mwanangu, unaniletea mkate na wewe ndiye mwenye mgonjwa?"

"Nilipita dukani, bibi. Mkono ulikwenda wenyewe."

Namsifu alikuwapo, anachambua maharage. Aliwasogezea chai, akakaa.

Binti wa Niendiwe aliitwa Apaikunda. Alikuwa na miaka tisa na damu yake ilikuwa mbaya. Madaktari hawakuwa wakisema tena "akipona". Walisema "tutaona".

"Amevimaliza vyote vya watoto," Niendiwe alisema. "Vile vya maroboti anasema vinafanana. Kuna muuguzi mmoja, kijana mpole, alimsimulia mwanzo wa hiki cha mawe ya angani. Alikuwa amesikia kwa mtu. Basi kila asubuhi ananiuliza, mama, yule mwanamke alilipa jiwe jina gani? Mimi sijui. Namtungia. Anajua natunga."

"Linaitwa Shangazi," Bibi Nakijwa alisema. "Lile jiwe la kwanza."

Niendiwe alicheka, kisha akaficha uso kwa kiganja.

Bibi Nakijwa alimwacha atulie. Halafu alimweleza. Alimweleza uji wa Eliamani na sauti ya Ghala na uzi na nguo. Alitumia maneno mepesi. "Ukimsomea mwanao kitabu hiki," alisema, "siku ukikirudisha, siku hizo za kumsomea zitaondoka. Iwe amepona, au iwe vinginevyo. Hutakuwa nazo."

Niendiwe alikunywa chai. "Bibi, nikuambie ukweli? Siku hizi nani anazitaka? Harufu ya ile wodi. Anavyoniambia, mama usilie mbele ya daktari. Zikiondoka, ziende."

"Hata mimi ningesema hivyo mwanzoni."

"Basi niache niseme mwanzoni. Sijafika mwisho."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake. Bibi Nakijwa aliona kwamba mama huyu alikuwa amepiga magoti njiani kuomba, kulikuwa na vumbi kwenye gauni, na kwamba alikuwa amejitahidi kulipangusa ili asimsikitishe mtu.

"Ni zamu yako," alisema. "Haiulizwi."

Niendiwe alipoondoka, Namsifu alisukuma ungo kando.

"Wifi, usirudishe."

"Kikundi kitafungwa. Mtoto atanyang'anywa hata vile vya zamani. Na wengine wote watanyang'anywa ghafla."

"Basi wamnunulie."

"Kwa pesa gani? Wewe unaona wanavyoishi."

Namsifu alikuwa dada wa Kajiru, na alimjua kaka yake vizuri kuliko mtu yeyote. "Utabaki na yule wa reli," alisema. "Utabaki na yule tu. Mimi mwenyewe nilikuwa simpendi yule."

"Nimekusimulia yote. Utanisimulia."

"Kusimuliwa si kukumbuka."

"Najua." Bibi Nakijwa alimega mkate, akampa wifi yake nusu kubwa. "Utaniambia aliniomba radhi. Hilo kwanza. Na Jumatano tutawaambia watu wote pamoja, mimi na wewe."

*

Kitabu hakitoki mpaka kichwa kilichokifungua kikirudishe. Ukanda hufungwa, msomaji hutulia, na kisomeo humwonyesha kurasa kwa kasi kutoka mwisho hadi mwanzo, ili akili iamke mahali pote ambapo kitabu kimeshika. Mahali palipoamka ndipo ukanda unapojua pa kuondoa. Haiumi.

Bibi Nakijwa alikaa kwenye kiti cha Kajiru, Namsifu amemshika mkono. Kurasa zilianza kupita. Aliona sura ya mwisho, na uso wa mumewe ukiwa mwepesi juu ya mto, akisema asante kwa maji. Ukaondoka. Aliona kiazi. Aliona vidole vikipapasa sahani, akajua kwamba anaviona kwa mara ya mwisho, akamwambia Namsifu, "Anatafuta kikubwa." Kisha akasema, "Nani?" Stesheni ilipofika alibana mkono wa wifi yake kwa nguvu. Midomo yake ilisogea. Namsifu aliinama asikie, akasikia jina la mtoto, halafu hakusikia kitu.

Chai aliyokunywa na Niendiwe ilikuwa imeshikamana na kitabu. Iliondoka. Sauti ya Ghala na maelezo yake iliondoka, na shauri la Jumatano, na kule kuamua kwenyewe.

Bibi Nakijwa alifungua macho. "Wifi, mbona umenishika hivi? Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi mbona unalia?" Alimfuta kwa pindo la kanga yake. "Subiri, nikuwekee maji ya chai."

Siku ile ile jioni ulikuja ujumbe wa sauti. Ilikuwa ni Niendiwe, na nyuma yake mtoto anacheka, kicheko chembamba kinachokatizwa na kikohozi. "Bibi, amecheka pale jiwe linapoambiwa limenenepa. Mungu akubariki. Amesema nikwambie Shangazi anakusalimu."

Bibi Nakijwa aliusikiliza mara mbili, akitabasamu, maana kicheko cha mtoto ni kicheko cha mtoto. "Maskini, amefurahi," alisema. "Ni jiwe gani hilo?"

Jumatano, Namsifu alisimama peke yake kwenye ukuta wa ndiva akawaambia watu. Alisema yote, isipokuwa ya Kajiru; hayo alikuwa bado anatafuta siku ya kumwambia wifi yake peke yake. Walimsikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Eliamani alimwendea, akasema, "Mama, kumbe ni wewe. Asante kwa uji." Alisema kama mtu anayelipa shukrani ya mtu mwingine. Watu watatu walirudisha visomeo vyao nyumbani, wakavitia sandukuni. Wengine walimgeukia Bibi Nakijwa wakamtajia vitabu wanavyotaka, na Bibi Nakijwa, ambaye hakuelewa kwa nini wifi yake amewaharibia watu asubuhi, aliwapakulia.

*

Mwaka wa Kajiru ulipotimia, ukoo ulifanya ibada ya shukrani. Mchungaji alikuja. Watu walikula wali na nyama, wakakaa chini ya turubai, na vijana waliowahi kumletea mgonjwa maji walisimama mmoja mmoja kusema jinsi mzee alivyokuwa mpole kitandani, alivyowashukuru kwa majina. Bibi Nakijwa alisikiliza akiwa ameshika mikono mapajani. Alikumbuka jeneza. Alikumbuka siku mumewe aliporudishwa haoni. Katikati hapo palikuwa na ukungu wa kazi, kama inavyokuwa kwa yeyote aliyeuguza.

"Sasa tumsikie mke wa marehemu," mchungaji alisema.

Alisimama. "Nawashukuru wote mliokuja," alisema. "Nawashukuru waliopika. Mama Tumaini ameamka kabla ya jogoo, nimemwona. Mungu awalipe." Kisha akakaa. Watu walingoja kidogo, wakidhani machozi yamemzuia.

Namsifu alimfuata jikoni. Alimkuta ameinamia karai la vyombo, anasugua sufuria ambayo wasichana wangeisugua.

"Wifi, hukumtaja hata jina."

"Nitaje nini? Uongo, mbele ya mchungaji?" Hakuwa na hasira. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeuzoea mzigo. "Mwanangu alizikwa na wajomba zake. Baba yake aliishi miaka yote ile ndani ya nyumba hii, akafa, hakuwahi kuniambia hata neno moja juu ya hilo. Nilimngoja mpaka siku ya mwisho. Nilimwosha, nilimlisha, nikamngoja. Hakusema."

"Alisema."

Bibi Nakijwa aliacha kusugua.

"Alisema, wifi. Alikuomba radhi. Alikuwa stesheni, akapanda treni, akashuka, akapanda tena, akashuka. Aliogopa kumwona mtoto. Alikwambia, nisamehe, Nakijwa. Alikuita kwa jina."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

Nje watu walikuwa wameanza wimbo. Bibi Nakijwa alimtazama wifi yake kwa muda mrefu: macho mekundu, midomo iliyokaza kama ya mtu aliyeahidi jambo na sasa analitimiza. Aliona jinsi alivyolipanga vizuri, mpaka treni, mpaka kushuka mara mbili. Aliona ni kazi kubwa kiasi gani kumtungia mtu kitu kama hicho siku kama ile.

Alikausha mikono, akamshika uso kwa viganja vyote viwili.

"Asante, wifi," alisema kwa upole. "Wewe siku zote umekuwa na huruma kuliko kaka yako."